Daraja la njia nne, barabara ya njia mbili

Kila Ijumaa ninapotoka Jinja kwenda Kampala, ninalivuka Daraja la Chanzo cha Nile kwa muda usiofika dakika moja: mita 525 za njia nne, zikishikiliwa na nyaya nene za chuma zinazoteremka kutoka minara miwili. Lilifunguliwa Oktoba 2018 ili kulipumzisha lile la mwaka 1954 lililo juu ya bwawa, na kazi yake linaifanya vizuri.

Kinachoniudhi ni kwamba mbele yake barabara inarudi kuwa njia moja ya kwenda na moja ya kurudi, na malori yote kutoka Malaba na Busia, mpakani na Kenya, yanabanana humo humo ndani ya msitu wa Mabira, huku madereva wasio na subira wakiunda mstari wa tatu na kuwafungia njia wanaokuja. Wiki iliyopita pale Namawojjolo, mchuuzi wa kuku wa kuchoma alipokea noti yangu dirishani, akaenda kutafuta chenji kwa mwenzake, akarudi akaihesabu mkononi mwangu, na basi letu lilikuwa halijasogea hata hatua moja. Barabara hii ipanuliwe, tena upesi.