Cheti cha Selimundu Kabla ya Ndoa

Kila inapotajwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kwa mwaka wenye selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hurudi pendekezo lilelile: wachumba wapimwe kwa lazima, na wote wawili wakikutwa na kinasaba chake, ndoa isifungwe. Wanaopinga huonekana wajinga. Nadhani hawajasikilizwa.

Hofu ya wanaotaka kipimo cha lazima ni ya kweli. Aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu, yaani mbebaji, huishi mzima, tena ana kinga fulani dhidi ya malaria kali, ndiyo maana kimeenea sana Kanda ya Ziwa na pwani. Wawili wa hivyo wakizaa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

Robo hiyo ndiyo inayotuchanganya. Watu huisikia kama zamu: akishaugua mmoja, watatu wanaofuata wamesalimika. Hakuna zamu, kila mimba ni kura mpya. Kwa watoto watatu, uwezekano wa wote kuwa wazima ni 27 kati ya 64, chini ya nusu. Kwa wawili ni 9 kati ya 16, zaidi ya nusu. Kwa hiyo nyumba nyingi hupata wawili wazima kwanza, na ugonjwa ukija unatafutiwa mchawi.

Jirani yangu yalimkuta hayo. Wa tatu alipofikisha miezi minane, vidole vya mikono na miguu vilivimba, ukimgusa tu analia. Mawifi walisema ni baridi, baadaye wakasema damu ya mama ni mbaya. Mume akagoma kupima: "Kwetu hakuna huo ugonjwa." Na kweli hapakuwa na mgonjwa kwao. Mbebaji haumwi, hajulikani.

Sasa peleka cheti kwenye jamii hiyo. Posa imepokelewa, mahari imeshaliwa nusu, sare zimeshonwa, halafu majibu yanatoka. Atakayebaki na jina baya ni binti. Na wanaozaa bila kufunga ndoa, cheti kitawakutia wapi? Saudi Arabia imelazimisha kipimo tangu 2004, lakini hata huko uamuzi wa kuoana umeachwa kwa wachumba wenyewe.

Mimi ningeanzia kwa mtoto: tone la damu kisiginoni siku za kwanza. Akijulikana mapema anaanzishiwa penisilini na chanjo kabla vidole havijavimba, na majibu yake huwaambia baba na mama walichobeba, bila harusi ya mtu kuvunjika. Vijana nao wapimwe kwa hiari na kwa siri, kabla moyo haujaenda kwa mtu.

Mume wa jirani yangu alikubali kupima mtoto alipolazwa na kuongezewa damu. Majibu yake yalikuwa AS, yaani mbebaji, sawasawa na ya mkewe. Mawifi hawajamwomba radhi.