Mgebuka wangu hakutapika jamani, alivuja

Kabla hamjaendelea kurushiana ile voisi ya kwamba mgebuka wangu, yule samaki niliyemtengeneza kwa chupa za plastiki, kamtapikia mgeni rasmi, naomba mnisikilize na mimi. Mgebuka hakumtapikia mgeni rasmi. Alivuja. Kuna tofauti, na yule rafiki yangu aliyewatumia anaijua vizuri kwa sababu ndiye aliyenishikia ngazi.

Wa Kigoma mnajua chupa zinavyojaa pale Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 2019 ila chupa zipo tu zinaogelea na dagaa. Basi mimi na usanii wangu nikaomba kutundika samaki wa chupa kwenye korido ya jengo la halmashauri (msiniulize ipi), mtu akija kufuatilia kibali chake akiinua macho aone tunachokitupa ziwani. Wakakubali, nikajiona bonge la msanii, hadi kitambaa cha kufunulia nikashonesha.

Usiku wa mwisho chupa za tumboni zikapelea. Nikaingia stoo kwa shangazi nikabeba zile za lita moja na nusu anazowekea mawese. Zilikuwa tupu, yaani karibu tupu, chini yameganda kwa baridi, nikasema acha hii rangi ya chungwa inapendeza. Nikazitoboa vitako kwa msumari wa moto nikapitisha waya. Ndio, vitako. Chekeni tu.

Uzinduzi uliandikwa saa tatu. Mheshimiwa kafika saa saba kasoro, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono ina mstari, na jua la dirishani linapiga moja kwa moja kwenye tumbo la samaki. Kitambaa kikavutwa, makofi, nami nikaanza kutiririka, ziwa letu tunachangia nchi nne, kina chake karibu mita elfu moja mia nne na sabi... nikaona tone. Jekundu, zito, limening'inia kwenye kitako cha chupa, halidondoki, linajivuta tu kama linanisubiri nimalize kuongea. Nikajua. Aliyekulia kwenye mawese haambiwi. Mheshimiwa naye kaliona, kasogea mpaka chini yake kabisa, kainua uso, akasema kwa uchungu, "Mnaona? Samaki wetu wanatokwa damu!" Watu wakapiga makofi. Na mimi nikapiga! Tone likaachia. Likatua kwenye mfuko wa shati, pale penye kalamu, likaanza kutanuka taratibuuu, mheshimiwa akaliangalia, akaligusa kwa kidole, akanusa. Korido kimya.

"Haya si mawese?"

Yakaja mengine manne kwa mpigo, moja kwenye upara.

Na nani akaropoka kule nyuma "leteni ugali"? Simtaji. Ana voisi nyingi huyo.

Mengine mafupi: kaazimwa koti la mtu wa masjala, picha zimefutwa (wanasema), mawese kwenye nguo nyeupe mnayajua wenyewe hivyo shati nimelipa, shangazi anadai chupa zake. Samaki hawajamshusha kwa sababu ngazi haionekani. Mama wa usafi kamwekea beseni la bluu kwa chini, na jana nimepita pale kimyakimya nikakuta wageni wawili wanabishana lile beseni lina maana gani, mmoja anasema si ndio ziwa lenyewe.