Mazoezi ndani ya nyumba ya mbao

Asubuhi ya kwanza nilipojaribu kufanya mazoezi chumbani mwangu, ukuta ndio ulionisema. Nilikuwa naruka papo kwa papo, nimefika kumi na mbili, sufuria iliyotundikwa upande wa pili wa mbao ikaanguka, na mama jirani akauliza kwa sauti: "Papa, munapigana na nani humo?" Parseli yetu, yaani kiwanja chenye ua mmoja, ina wapangaji wanne, na ukuta ni ubao usiozidi unene wa kidole. Tangu siku hiyo, nikimsikia mtu akisifu mazoezi ya nyumbani kwa sababu ya faragha, najua nyumba anayoifikiria haiko Majengo wala Ndosho, mitaa yetu ya Goma, mashariki mwa Kongo.

Hata hivyo nayatetea, ila si kwa sababu zile zinazotajwa kila mara.

Sababu inayotajwa zaidi ni fedha. Nyumbani ni bure, jimu ni ghali. Kweli, jimu hapa Goma hudai dola, na mwalimu analipwa franka. Mabenki yalipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, hata hizo franka kuzishika mkononi kukawa safari. Lakini barabara nayo haidai kitu. Jumapili za utulivu, alfajiri, vikundi vya futing, yaani mbio za pamoja, hushika bulvadi ya Kanyamuhanga, wakiimba na kupiga makofi, hadi mtu aliyelala anajua ni siku gani bila kutazama simu. Kama ubure ndio kipimo, barabara imeshinda, kwa kuwa ina hewa, wenzako na nyimbo. Kwa hiyo kesi si kati ya nyumba na jimu. Ni kati ya nyumba na barabara, na hapo mizani inakuwa ngumu kusoma.

Barabara ina saa zake. Ukitoka kabla hakujapambazuka unawapa nafasi wezi. Ukingoja jua litoke, umekutana na moto (pikipiki) za abiria, vumbi na moshi wa malori. Barabara ina macho pia. Kijana wa kiume akikimbia kwa kaptula anaitwa mwanaspoti. Mama wa watoto watano akikimbia kwa suruali, kufika saa nne kartie nzima, yaani mtaa mzima, imeshamjadili. Na hata asingejali maneno, saa ile ya futing ndiyo saa yake ya bidoni (madumu) za maji, makala (mkaa) na watoto wa shule. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba duniani kote asilimia 34 ya wanawake wazima hawafikii kiwango cha mazoezi kinachopendekezwa, wanaume wakiwa asilimia 29. Wengine wataona uvivu hapo. Mimi naona ratiba.

Hapa ndipo nyumba inapopata haki yake. Mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2020 unapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au nusu yake kama unajitahidi hadi kuhema, pamoja na siku mbili za kutia misuli nguvu. Kubwa ni kwamba mwongozo huo ulifuta sharti la zamani, kwamba mazoezi yasiyofika dakika 10 mfululizo hayahesabiwi. Sasa dakika tano ni dakika tano. Kwa mtu anayepika maharagwe kwenye makala, habari hiyo ni nzuri kuliko inavyosikika, maana maharagwe yana subira ya saa mbili, na ndani yake mna dakika tano nyingi za kuchuchumaa na kusimama, kupiga pompe (kujisukuma kwa mikono) ukiegemea meza, kupanda na kushuka kizingiti. Huhitaji kubadili nguo wala kuaga mtu.

Lakini nani hasa anayahitaji? Swali hili wahubiri wa mazoezi hulipita mbio. Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva, waliokaa kutwa, waliugua moyo zaidi kuliko makondakta waliopanda na kushuka ngazi za basi lilelile. Ukitembea Goma na macho hayo, utawaona madereva wetu mara moja: mwenye moto anayekaa juu ya tandiko tangu asubuhi hadi giza, mbadilishaji fedha na meza yake, muuza mega za intaneti ya simu chini ya mwavuli, mwalimu, karani, mshonaji. Kwa hao nasema bila kusita, anzeni hata leo.

Kwa mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, sisemi hivyo. Huyu anasukuma mamia ya kilo za viazi na makala juu ya mawe ya volkano, na watafiti wa Denmark wameeleza jambo linaloonekana kama kitendawili: kuhangaika kwa mwili kazini hakuleti faida ya moyo ile inayoletwa na mazoezi ya hiari. Maelezo yao ni kwamba mzigo wa kazi ni wa saa nyingi, hauna mapumziko ya kutosha, na huweka shinikizo la damu juu kutwa nzima, wakati mazoezi ni mafupi na yana pumziko. Huyo ukimwambia apige pompe jioni unamdhihaki. Anahitaji kunyoosha mgongo, maji, na usingizi. Vivyo hivyo kwa anayekula mara moja kwa siku. Wapo wengi, na video za mazoezi za simuni haziwataji, labda kwa sababu aliyeko kwenye video amekula.

Upande wa tansio, kama tunavyoita hapa shinikizo la damu, kuna zoezi moja ambalo nyumba inalimudu vizuri mno. Uchambuzi uliotoka mwaka 2023 katika jarida la British Journal of Sports Medicine, uliokusanya majaribio 270, ulikuta kwamba mazoezi ya kukaza misuli bila kusogea ndiyo yaliyoshusha shinikizo la damu zaidi, na miongoni mwao yamo yale ya kuegemea ukuta kama umekalia kiti kisichokuwepo. Kawaida ni dakika mbili, unapumzika, unarudia hadi mara nne, siku tatu kwa wiki. Usizuie pumzi, na kama tayari unameza dawa, muulize muuguzi kwanza. Kasoro pekee ni kwamba zoezi hili linahitaji ukuta. Nilipoegemeza mgongo wangu, ubao ulilia na mama jirani akakohoa.

Sasa hatari, na nyingine ni za hapa kwetu tu. Kuhema kwa nguvu katika chumba kilichofungwa chenye jiko la makala linalowaka ni kuvuta sumu isiyo na harufu. Jiko litoke nje kwanza. Sakafu ya saruji juu ya jiwe la volkano haina huruma na magoti, kwa hiyo aliyezidi miaka arobaini aache kurukaruka na achague kuchuchumaa. Kisha kuna mazuku, ile hewa nzito ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama kwenye mabonde, hasa magharibi mwa mji kuelekea Lac Vert. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hukaa chini, na hukusanyika usiku hadi asubuhi pasipo na upepo. Mtu anayelala chali alfajiri katika parseli ya bondeni ili akaze tumbo ameweka pua yake mahali pabaya kabisa. Wakaaji wa huko wanajua mashimo yao. Mgeni aulize kwanza.

Udhaifu mkubwa wa mazoezi ya nyumbani, hata hivyo, hauko kwenye sakafu. Ni upweke. Mimi nimeanza mara tatu na kuacha mara tatu, na sikuwahi kuumia hata ukucha. Mara zote lilikuwa godoro. Kwenye kikundi cha futing, ukikosa Jumapili mbili mtu anakuja kugonga mlango kuuliza kama unaumwa. Nyumbani hakuna anayekuuliza. Tena hakuna wa kukuambia kwamba kiuno kinashuka ukipiga pompe, au kwamba umezoea na sasa unajidanganya: uzito wa mwili wako ni uleule, na misuli ikishauzoea haiongezeki. Dawa ipo, nayo ni kupunguza kasi, kutumia mguu mmoja, au kushika bidoni. Bidoni ya lita tano ikijaa maji ni kilo tano, ya lita ishirini ni kilo ishirini, na ukiinama kidogo na kuivuta kuelekea mbavuni unaupa mgongo kazi ambayo pompe haiupi. Ila dawa hizo huzijui peke yako; mtu hukuonyesha.

Naongeza moja ambalo waandishi wa mambo haya hawaligusi: jasho. Anayetoka jasho lazima aoge, na katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa bidoni au huchotwa ziwani, jasho lina bei. Ndiyo maana mazoezi ya polepole ya kukaza na kunyoosha yanatufaa kuliko yale ya kurukaruka yanayopendwa kwenye simu.

Nikipima yote, kijana asiye na mtoto mgongoni na anayeishi karibu na barabara yenye watu, aende futing, asitafute kisingizio cha chumbani. Mama, mzee, mwenye tansio, mwenye mwili mzito anayeona haya, hao nyumba iwe ya kwanza kwao. Lakini tusiseme "nyumba" kama vile kila mmoja ana sebule. Kwa wengi wetu nyumbani maana yake ni uani, kati ya kamba ya nguo na choo, mbele ya watoto wa watu wanne. Nilidhani hicho ni kikwazo. Kumbe ndicho kilichoniponya na godoro, maana mama jirani, baada ya sufuria yake ya pili kuanguka, alitoka nje na kuniambia: "Papa, njooni mufanyie hapa, hata mimi daktari alinituma."

Sasa ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, maharagwe yakiwa motoni. Ukuta wa ua ni wa mawe ya volkano, haulii wala hautikisiki, ila unachuna mgongo. Mama jirani hukunja kitenge mara nne na kukiweka katikati, nami huhesabu dakika mbili kwa simu. Watoto wakianza kucheka tunawaambia nao waegemee. Hawafiki hata nusu.