Kompyuta Iliyomsalimu Bibi Mpaka Ikafuka Moshi

BBC Micro, kompyuta ya zamani ya Uingereza, haina feni. Kwa hiyo ikianza kufoka, anayefoka si feni.

Niliipata kwenye mitumba ya Uingereza: Model B, rangi ya maziwa iliyokwisha kugeuka chai. Acorn wa Cambridge waliitoa mwaka 1981 na ikajaa madarasani kwao, na inaelekea waliwajua watoto wa shule vizuri, maana kibodi na kompyuta ni sanduku moja, hakuna cha kung'oa. Skrubu nne za kifuniko, mbili nyuma na mbili chini, zimeandikiwa FIX pembeni. Plagi yake ni ya meno matatu bapa kama zetu, umeme wake volti 240, kwa hiyo hapa Tanga transfoma haihitajiki. Kiburi changu kilianzia hapo.

Nilifanya yote ya fundi. Vumbi nililipangusa kwa brashi kavu. Chipu za kwenye soketi nilizikandamiza moja moja kwa kidole gumba, maana joto na baridi ya miaka huzipandisha kidogo kidogo mpaka miguu ikakosa kugusa. Nyaya saba za umeme zinazochomekwa ubaoni (nyekundu tatu za volti 5, nyeusi tatu, na zambarau moja ya volti 5 hasi) nilizikaza. Sanduku la pawa lenyewe, lile la upande wa kushoto, sikulifungua. Harufu ya wali wa nazi ilikuwa imeshafika.

Baada ya kula nikaita watu. Bibi kwenye kiti cha plastiki, wajukuu mkekani. Nikawasha: mlio mmoja mzito, mmoja mwembamba, na kwenye televisheni ikatokea BBC Computer 32K. Nikaandika:

10 PRINT "SHIKAMOO BIBI"
20 GOTO 10

Nikaandika RUN. Wajukuu wakamsomea.

"Marahaba," akasema Bibi. Mistari ikazidi kupanda. "Marahaba. Marahaba mwanangu. Marahaba, jamani. Hii inasalimu mpaka lini?"

Kabla sijamjibu, paf! Moshi mweupe, mzito, ukatoka matunduni upande wa kushoto. Wajukuu wakapitia dirishani, na mlango ulikuwa wazi. Mimi fundi nikabonyeza ESCAPE. Salamu zikakoma, moshi ukaendelea. Nikabonyeza BREAK, kana kwamba moshi nao ni programu. Kompyuta ikaanza upya kwa adabu zote, BBC Computer, huku sebule haionekani.

"Imekasirika," Bibi akasema kutoka ndani ya wingu. "Ya mwisho sikuiitikia."

Ndipo nikakumbuka kuna plagi ukutani.

Kilichoungua ni kapasita (kijipande kinachohifadhi chaji ya umeme) ya karatasi iliyofungwa ndani ya utomvu mgumu. Utomvu ukizeeka hupasuka nyufa nyembamba, unyevu unaingia, na sisi wa pwani unyevu tunao wa kugawa. Karatasi ikilowa haizuii tena umeme, inapata joto, inapasuka. Kompyuta haikuzimika kwa sababu kapasita hiyo haiilishi: imekaa kati ya waya mbili za umeme wa ukutani, kazi yake kuchuja makelele ya umeme tu.

Nililaza mashine usiku kucha, maana kapasita kubwa ya ndani huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikiwa mkononi. Asubuhi nikafungua zile skrubu tatu za chini zinazoshika sanduku la pawa, nikang'oa za karatasi zote mbili, ya nanofaradi 100 na ya 10, hata ile iliyoonekana nzima. Nikaweka za plastiki zenye alama ya X2. Usiweke kapasita ya kawaida hapo, hata ikiwa na namba ileile: ya X2 imetengenezwa kuvumilia umeme wa ukutani moja kwa moja.

Jioni nikawasha tena. Bibi alikubali kurudi, ila kiti akakisogeza mlangoni. Programu ilikuwa imefutika plagi ilipochomolewa, nikaiandika upya bila mstari wa 20, ule unaoirudisha kwenye wa 10 bila kikomo.

"Marahaba," akasema, akangoja kidogo. "Enhe. Leo ina adabu."