Baa za Kigoma zinafuata mwezi

Mwandishi, kwenye makala yako umesema usiku wa Kigoma umepooza, baa tupu, wahudumu wanasinzia, spika kelele tu na chakula kibaya. Ndugu yangu, ulikuja lini? Maana nahisi ulikuja wakati wa giza.

Dagaa wetu huvuliwa usiku wa giza, yaani usio na mbalamwezi, kwa taa. Basi giza likiingia wanaume wako ziwani, na mtaani Mwanga, hapa mjini, lazima pawe kimya. Mbalamwezi ikitoka, taa haziwavuti dagaa tena, mitumbwi inapandishwa ufukweni, na hela yote iko nchi kavu. Njoo siku hizo uone kama utapata kiti! Bia inaagizwa kwa kreti, meza zinaunganishwa, anayetaka rumba ya Kongo anagombana na anayetaka singeli, na mhudumu hana hata muda wa kukuuliza unataka ya moto au ya baridi.

Nilifanya kaunta miaka mitatu kwenye grosari moja, nayajua haya. Bosi alikuwa na kalenda ukutani, siku za mbalamwezi amezizungushia kalamu nyekundu. Daftari la madeni nalo lilikwenda hivyohivyo: linajaa wakati wa giza, linafutwa mwezi ukitoka. (Si wote waliolipa, wengine walihamia Ujiji kunywa.)

Kuhusu kelele umesema kweli, spika zinaelekezwa barabarani utadhani wapita njia ndio wateja. Ila hilo la chakula kibaya, hapana. Uliwekewa mgebuka wa kukaanga, samaki wa ziwa letu, kwa pilipili na ndimu, wewe ukaagiza chipsi kuku? Kigoma?