Dakika 38 za Nani?

Juzi pale Forodhani, Zanzibar, nimemsikia kijana anayetembeza watalii akiwachekesha wageni wake: ati hapa ndipo palipopiganwa vita vifupi kuliko vyote duniani, dakika 38 tu! Wakacheka, wakapiga picha. Hasira zangu mpaka leo hazijashuka.

Agosti 27, 1896. Muda aliopewa Sayyid Khalid bin Barghash, aliyejitwalia usultani bila ridhaa ya Waingereza, atoke kasrini uliisha saa tatu asubuhi, na dakika mbili baadaye manowari za Waingereza zikaanza kulitwanga kasri. Upande wetu waliokufa na kujeruhiwa ni kiasi cha watu 500. Upande wao? Baharia mmoja kaumia. Basi aliyekuwa na nafasi ya kutazama saa ni nani, kama si mpigaji?

Ndiyo maana naudhika nikiambiwa riwaya ya kihistoria "inachanganya kweli na uongo". Manowari zote tunazijua kwa majina: St George, Philomel, Thrush, Racoon, Sparrow. Waliokuwamo kasrini, askari, watumishi na watumwa, wamebaki tarakimu. Sasa mwandishi akimzua mpishi mmoja humo ndani, akampa jina, mama yake mtaani Ng'ambo na deni dukani, kadanganya nini? Tarehe ni ileile, mizinga ni ileile. Kajaza pale ambapo mwenye kalamu hakuona haja ya kuuliza. Tena mfanye mpishi huyo mtumwa. Anakufa akimlinda bwana anayemmiliki, na wanaomuua ndio hao wanaojisifu duniani kote kwamba wamekuja kukomesha utumwa. Utumwa ukafutwa kisheria 1897, yeye keshazikwa. Niletee ripoti ya serikali inayoweza kulibeba hilo!

Na si jambo geni kwetu. Katika *Kuli* ya Adam Shafi, mgomo wa bandarini wa 1948 ni kweli tupu, Rashidi ni wa kubuni. Waulize waliosoma kitabu kile skuli wanamkumbuka nani: Rashidi, au Balozi Mkaazi wa Kiingereza wa mwaka ule?

Haya, nakubali, shingo upande: mwandishi naye anaweza kutupiga changa la macho. Akija mtu kumfanya Khalid mtetezi wa wanyonge, Khalid huyu aliyekimbilia kwa konseli wa Wajerumani akawaacha watu wake motoni, nitamsema vilevile ninavyomsema admirali wa manowari zile.