Pumu au "kifua tu"?

Jioni moja ya kusi, mchangani Shela, kisiwani Lamu, nilimwona mtoto wa gredi ya sita akitoka kwenye mpira kabla ya kipindi cha kwanza kwisha. Aliinama, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, na kila pumzi iliyotoka ikapiga mbinja nyembamba. Nikamuuliza mamake kama ana pumu. "Hana pumu huyu," akanijibu upesi. "Ana kifua tu. Baridi ikiisha atapoa."

Jibu hilo ndilo linalonizuia kuitikia haraka ninaposikia barazani kwamba pumu imezidi mashuleni. Walimu wanasema wanafunzi wenye inhela, yaani dawa ya kuvuta, mifukoni ni wengi kuliko zamani. Wazee wanabisha: walikuwepo hata enzi zetu, ila tukiwaita watoto wa kifua, wakasuguliwa mafuta na kufunikwa gubigubi. Kwangu mimi ubishi huu ni wa neno kabla ya kuwa wa ugonjwa. Pumu ni jina zito. Linasemwa kuwa la maisha, tena la ukoo, na mzazi mwenye binti wa kuozwa hapendi liandikwe popote. Kifua huja na kuondoka.

Neno linaweza kupotosha hesabu hata kwa wenzetu wenye kumbukumbu nzuri. Uingereza na visiwa jirani, wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 waliulizwa maswali ya aina moja mwaka 1995, na wa rika hilohilo wakaulizwa tena 2002. Waliosema wamewahi kuwa na pumu walipanda kutoka asilimia 20.6 hadi 25.9. Lakini waliosema kifua kimewapiga mbinja katika miezi 12 iliyopita walipungua kwa karibu moja ya tano. Jina lilienea huku dalili zikipungua. Wa kutangaza janga angepata takwimu yake, na wa kutangaza nafuu angepata yake, tena kwenye karatasi ileile.

Hapo wazee wa barazani wangepiga makofi. Wasubiri kwanza. Uchunguzi wa kimataifa ulioanza miaka ya 1990, ujulikanao kwa kifupi ISAAC, ulikuwa na vituo viwili Kenya: Nairobi na Eldoret. Swali la msingi halikuwa jina, lilikuwa dalili, yaani ile mbinja ya kifuani. Kati ya 1995 na 2001, kwa watoto wa miaka 13 na 14 wa Eldoret, waliokuwa nayo walitoka karibu 10 katika kila 100 wakafika karibu 14. Nairobi, ambako walikuwa wengi tangu awali, hesabu ilisogea kidogo tu. Kwa hiyo "ni jina tu limeenea" haitoshi.

Kipimo ninachokiamini zaidi ni cha mbio. Watafiti wa Kenya waliwakimbiza wanafunzi wa Nairobi na wa Murang'a, wakawapima pumzi kabla na baada, na matokeo yakachapishwa 1998. Walioshuka pumzi kwa asilimia 10 au zaidi walikuwa karibu 23 katika kila 100 mjini, na karibu 13 shambani. Mtoto anapuliza bomba, bomba linasema. Hakuna mama pembeni wa kusema "kifua tu".

Basi mji una kitu. Wengi husema ni moshi wa magari, na hapo Lamu inaleta utata, kwa kuwa ndani ya Mji wa Kale mizigo bado inakwenda kwa punda. Kuna wanaomtilia shaka punda mwenyewe, maana kinyesi chake kikikauka huwa vumbi la vichochoro. Lakini tafiti za Bavaria na Uswisi ziliona watoto waliokulia karibu na mazizi wakiugua pumu kidogo kuliko wenzao. Ng'ombe wa Bavaria si punda wa Langoni, najua, ila mnyama asihukumiwe kwa harufu.

Mimi ningeanzia ndani ya nyumba. Kuta za mawe ya matumbawe hushika unyevu, na wadudu wadogo wa vumbi, wasioonekana kwa macho, hustawi katika godoro lililofyonza unyevu huo. Kuna jiko la mkaa. Kuna chetezo: udi unatiwa juu ya kaa, nguo zinatandazwa juu ya tenga, dirisha linafungwa ili harufu isipotee, na mtoto amelala chumba hichohicho. Naupenda udi, na nyumba yangu haikosi. Lakini moshi ni moshi, na mwenye pumu hubanwa nao.

Hata hivyo, udi, mkaa na unyevu ni vya tangu na tangu. Vinaeleza kwa nini mtoto anabanwa leo usiku; haviwezi kueleza ongezeko jipya. Kwa ongezeko lazima utafute kilichobadilika: saa nyingi zaidi ndani mbele ya skrini, plastiki zinazochomwa uani, pengine hata minyoo kupungua. Usicheke. Utafiti wa Gabon uliochapishwa mwaka 2000 uliona watoto wenye kichocho, ambacho nacho ni minyoo, wakionyesha mara chache zaidi mzio wa wadudu hao wa vumbi kwenye kipimo cha ngozi. Mzio kwenye kipimo cha ngozi si pumu, na simwambii mtu atupe dawa ya minyoo ya shuleni.

Nikibanwa nichague, nasema dalili zimeongezeka kweli nchini, ingawa si kwa kasi ya uvumi wa barazani. Daftari la zahanati siliamini kwa jambo hili, kwa sababu lina walioitwa pumu tu. Wasioitwa hawapewi dawa ya kuvuta, na wengine hata wakipewa hawaitumii, kwa kuogopa "itawazoesha". Wala uhaba wa vifaa si hoja kubwa: tangu 1999 ilionyeshwa Cape Town kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa ikaingia inhela, humfikishia mtoto dawa sawa na kifaa cha dukani cha kushikiza kwenye inhela.

Yule mtoto wa Shela alirudi uwanjani baada ya dakika kumi hivi. Wenzake walikuwa wameshamwachia goli, asihitaji kukimbia. Mamake akaniambia ndiyo nafasi aipendayo.